Mwani na Plastiki: Historia ya Vitu Viwili Vilivyokutana Ndani ya Beseni Moja

Mwaka 1965 kila Mkongomani aliyepita shuleni anaujua kwa jambo moja: tarehe 24 Novemba Mobutu alichukua utawala. Tuliikariri tangu primeri. Lakini mwaka ule ule kulikuwa mambo mengine mawili madogo ambayo hakuna mwalimu alitufundisha. Tarehe 27 Aprili, kule Marekani, kampuni moja ya Sweden ilipewa hati ya kulinda uvumbuzi wa Sten Gustaf Thulin: mfuko wa plastiki wenye mikono miwili, wa kipande kimoja, mwepesi. Ni ile sashe tunayoijua sote. Na miezi ileile, Wabelgiji waliokuwa wamevuka jangwa la Sahara kwa magari walirudi kwao na maandazi makavu ya rangi ya kijani, waliyoyakuta yanauzwa sokoni huko Chadi. Yale maandazi yalikuwa mwani. Leo dunia inauita spirulina.

Sashe na spirulina. Ukiviangalia hivi, havina undugu wowote. Lakini mimi niliyesoma historia nimekuja kuona kwamba habari yao ni moja, na kwamba inatuhusu sisi vijana wa Kivu, Tanganyika na Haut-Katanga tuliomaliza iniversite na tunaotafuta kazi ya kujianzishia.

Nieleze kwanza juu ya nini naandika. Miaka hii wandugu wengi wanaongea juu ya kulima spirulina. Sababu zao ni nzuri. Tuko na jua, tuko na maji, tuko na watoto wenye bwaki. Lwiro, kwenye kituo cha utafiti cha IRSAC kilichoanzishwa mwaka 1947, madaktari walichunguza bwaki kabla ya wazazi wetu kuzaliwa, na ugonjwa ule haujatuacha. Spirulina kavu iko na protini kama nusu ya uzito wake na zaidi, inafika hata asilimia 60 na kitu. Haidai shamba kubwa, inaweza kukaa ndani ya beseni nyuma ya nyumba. Basi kijana mmoja wa ekolojia akaniuliza: «Mukubwa, maji ya ziwa iko muzuri ao tutafute ya mvua? Juu wanasema ziwa imejaa plastiki.»

Swali ni la ekolojia, lakini mimi nilimjibu kwa historia. Maana ukifuata historia unagundua kwamba ziwa ni mlango mmoja tu ambao plastiki inapitia kuingia ndani ya mwani. Kuna mlango mwingine, na ule tunaufungua sisi wenyewe siku ya kwanza ya kazi.

Tuanze na mwani. Ule ukijani unaoona ndani ya maji yaliyosimama, unaoteleza kwenye mawe ya ufuko, ni viumbe vidogo sana. Kimoja kimoja huwezi kukiona bila mikroskopi. Wasomi wanaviita mikroalgi. Vinafanya kazi ileile ya majani ya muhogo: vinachukua mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni, vinatengeneza chakula chao na kutoa oksijeni. Hiyo kazi inaitwa usanisinuru. Ndani ya Ziwa Kivu, vidudu vidogo vya maji vinakula mwani huo, sambaza wanakula vile vidudu, na sisi tunakula sambaza. Kwa hiyo mtu wa Bukavu ao Goma anayesema hajawahi kula mwani, amekula tayari kwa kupitia samaki.

Lakini kuna watu waliokula mwani moja kwa moja tangu zamani. Wamama Wakanembu, kaskazini-mashariki mwa Ziwa Chadi, wanaenda kwenye vidimbwi vya maji ya magadi. Wanateka ule mchuzi wa kijani ambao upepo umeukusanya ukingoni, wanaumwaga kwenye mashimo ya mviringo waliyochimba mchangani. Mchanga unanywa maji, jua linakausha kinachobaki, wanakata vipande na kupeleka sokoni. Wanauita dihé. Nyumbani wanauponda na kuupika kuwa mchuzi wa kulia mtama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 juu ya kidimbwi kimoja tu, Kossorom, ulikadiria kwamba wamama wanatoa hapo kama tani 40 kwa mwaka. Tani 40, bila pampu, bila tiyo, bila umeme.

Nawaomba mkumbuke picha hiyo: maji, chombo cha kutekea, mchanga, jua. Hakuna plastiki hata moja katika kazi yenyewe. Tutairudia.

Ng'ambo ya bahari, Meksiko, watu wa Tenochtitlan walifanya vilevile. Wahispania walipofika kwenye karne ya 16 waliandika kwamba sokoni kunauzwa maandazi yanayotokana na tope la kijani la ziwa Texcoco. Kisha ziwa lile likakaushwa kidogo kidogo, na ile desturi ya chakula ikafa. Historia inatuonyesha kwamba mwani wa chakula unaishi na kufa pamoja na maji yake.

Wasomi wa Ulaya walichelewa. Mwaka 1940 Mfaransa Pierre Dangeard aliandika juu ya vipande vya dihé alivyotumiwa na mfamasia wa jeshi aliyekuwa Fort-Lamy, mji unaoitwa leo N'Djamena. Ulikuwa wakati wa vita, na hakuna aliyejali. Miaka 25 baadaye ndipo msafara wa Wabelgiji wa 1964-65 ulipita. Ndani yake alikuwemo mtaalamu wa mimea, Jean Léonard. Huyu alikuwa anajua Afrika: miaka ya nyuma alikuwa amechunguza mimea ya Yangambi kwetu, kando ya mto Kongo. Alipoona yale maandazi ya kijani sokoni, hakupita. Aliyachukua, na pamoja na mwenzake Pierre Compère wakaonyesha kwamba ni spirulina na kwamba ina protini nyingi ajabu. Miaka hiyohiyo Wafaransa walichunguza spirulina iliyojaa kwenye mabwawa ya kiwanda cha magadi huko Texcoco, na kufikia miaka ya 1970 kiwanda kile kikaanza kuiuza. Ziwa lililokuwa limesahau mwani wake likaukumbuka, safari hii kwa mashine.

Hapa ndipo habari inapogeuka. Wazungu walipotaka kulima mwani kwa wingi, walitumia chombo gani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1890 Mholanzi Beijerinck alifaulu kutenga mwani mmoja wa mviringo, klorela, na kuukuza peke yake ndani ya chupa. Kwa miaka 60 klorela ilibaki ndani ya vioo vya maabara. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, watu waliogopa kwamba dunia itakosa chakula. Mwaka 1951, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, juu ya paa la nyumba moja, wahandisi wakajaribu kwa mara ya kwanza kulima klorela kwa kipimo cha kiwanda. Kioo ni ghali na kinavunjika. Walichochagua ni tiyo pana na nyembamba sana za polietilini, plastiki ileile ambayo baadaye ilizaa sashe. Kilimo cha kisasa cha mwani, tangu jaribio lile la kwanza, kililala juu ya kitanda cha plastiki.

Polietilini yenyewe ilikuwa bado kijana. Hata hapa Ubelgiji uko na mkono wake: baba wa plastiki ya kutengenezwa kiwandani kabisa, Leo Baekeland, alizaliwa Ghent mwaka 1863. Akahamia Marekani, na mwaka 1907 akapata ile plastiki ngumu iliyoitwa kwa jina lake, Bakelite. Polietilini ilizaliwa mwaka 1933 Uingereza, karibu kwa bahati, katika maabara ya kampuni ya ICI iliyokuwa inajaribu gesi chini ya mgandamizo mkubwa. Vitani ilitumika kufunika nyaya za rada. Vita vilipokwisha ikatafutiwa kazi nyingine, ikapata nyingi: ndoo, bidoni, tiyo, shitingi, na mwaka 1965 sashe ya Thulin.

Sifa yake kubwa ndiyo iliyokuja kututesa. Haiozi. Jua linaikausha, inakuwa ngumu, inapasuka. Upepo na mawimbi vinaisaga. Kipande kinakuwa vipande kumi, kumi vinakuwa elfu, lakini plastiki inabaki plastiki. Mwaka 1972 Wamarekani Carpenter na Smith waliandika kwamba wamekuta chembe za plastiki zinaelea katikati ya bahari ya Atlantiki, mbali na pwani yoyote. Habari ile ikalala.

Aliyeiamsha ni Mwingereza Richard Thompson mwaka 2004, na namna alivyofanya inamfurahisha mtu wa historia, juu alienda kwenye arkivu. Tangu zamani meli za biashara katika bahari ya Kaskazini zinavuta kifaa chenye utepe wa hariri ambao unakusanya mwani na vidudu vya baharini. Tepe zile zinahifadhiwa mwaka kwa mwaka. Thompson na wenzake wakafungua za tangu miaka ya 1960, wakazitazama upya. Pamoja na mwani, kulikuwa nyuzi na vipande vidogo vya plastiki, na vya miaka ya 1980 na 1990 vilikuwa vingi kuliko vya zamani. Yeye na wenzake ndio walioeneza jina la mikroplastiki. Leo jina hilo linashika kila kipande kisichozidi milimita 5, hadi vile ambavyo jicho haliwezi kuona.

Angalieni hapo: mwani na plastiki, juu ya utepe mmoja wa hariri, kwa miaka 40, na hakuna aliyeona. Kila mtu alitafuta mwani tu.

Sasa tufike kwenye swali la yule ndugu. Mikroplastiki inafanya nini kwa mwani? Majaribio yako mengi, nitataja matatu ambayo kila moja linaeleza njia tofauti.

La kwanza ni la mwaka 2010. Watafiti waliweka klorela na mwani mwingine pamoja na vipunje vya polistirini vidogo kuliko hata mwani wenyewe. Vipunje viling'ang'ania juu ya ngozi ya mwani, hasa vile vyenye chaji chanya, kwa sababu ngozi ya mwani iko na chaji hasi. Ni sawa vile vumbi la barabarani linavyoganda juu ya majani ya migomba wakati wa kiangazi. Mwani uliofunikwa hivyo ulipunguza usanisinuru, na ndani yake kukatokea ile oksijeni kali inayochoma seli.

La pili ni la mwaka 2017, Wachina na mwani wa baharini. Waliweka unga wa PVC wa ukubwa wa elfu moja ya milimita, kisha kwa upande mwingine vipande vya PVC vya milimita nzima. Vipande vikubwa havikufanya kitu. Unga ulipunguza ukuaji hadi asilimia 39.7 ndani ya siku nne. Funzo ni kwamba plastiki ileile, uzito uleule, inakuwa kitu kingine kabisa ikisagwa. Anayetuumiza zaidi ni yule tusiyemwona.

La tatu ni la mwaka 2019, Australia. Hawa hawakuweka plastiki yenyewe. Waliloweka sashe za dukani na mikeka ya PVC ndani ya maji ya bahari, wakatoa plastiki, kisha wakaweka mwani ndani ya maji yaliyobaki. Mwani ulikuwa Prochlorococcus, wa ukoo mmoja na spirulina. Ukuaji ulipungua, usanisinuru ulipungua, oksijeni iliyotolewa ilipungua. Kumbe plastiki haiendi peke yake. Inabeba dawa za kulainisha, za rangi, za kuzuia jua, na zile zinatoka polepole kama chai inavyotoka kwenye majani.

Tuseme ukweli wote. Vipimo vya maabara mara nyingi ni vikubwa kuliko vinavyokutwa ziwani. Katika lile jaribio la PVC, kipimo kikubwa kilikuwa miligramu 50 kwa litre. Kwa beseni la litre 2,000 hiyo ni gramu 100, uzito wa sabuni ndogo. Hakuna atakayeteka hicho ziwani kwa ndoo. Tena, kwenye vipimo vya chini majaribio mengi yanaonyesha madhara kidogo, na mengine hayaonyeshi kabisa. Kwa hiyo mtu asije akakuambia kwamba maji ya Kivu yataua spirulina yako kesho. Si hivyo.

Lakini maziwa yetu hayako safi vilevile. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, kando ya Ziwa Victoria: ndani ya matumbo ya asilimia 20 ya kila aina walithibitisha plastiki. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kwa Maziwa Makuu ya Afrika. Na sisi wa Bukavu hatuhitaji mikroskopi. Baraji ya Ruzizi 1, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pale ambapo ziwa linatoka kuwa mto, inazibwa na chupa na sashe zinazoshuka na mvua kutoka milimani, na tunakaa gizani. Ile ni plastiki kubwa, inayoonekana. Jua na mawimbi ya Kivu vinaifanyia kilekile vinachofanya baharini.

Sasa niwaletee hesabu ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo hili. Ni ya primeri, hamuhitaji kalkuleta.

Tuseme uko na beseni la mita mraba 10, kina cha sentimita 20. Hayo ni litre 2,000. Umelifunika juu ili mvua isiingie, kama wakulima wengi wanavyofanya. Tuseme jua linakunywa milimita 5 kwa siku, yaani litre 50. Kila siku unaongeza litre 50. Ndani ya siku 40 umeongeza litre 2,000, sawa na beseni zima. Ndani ya mwaka umeongeza litre 18,250. Lakini jua linachukua maji tu. Halichukui chumvi, halichukui plastiki. Ikiwa hakuna chembe inayotoka, baada ya mwaka beseni lako liko na plastiki kama mara 10 ya ile uliyoteka siku ya kwanza. Maji ya ziwa yaliyokuwa na kidogo, beseni limeyafanya kuwa na mingi.

Na kama chembe zinatoka, zinatokea wapi? Spirulina inavunwa kwa kuchuja. Unapitisha maji kwenye kitambaa chenye matundu ya kama sehemu tatu ao tano za mia za milimita. Nyuzi za spirulina zinabaki juu, maji yanarudi ndani ya beseni. Lakini kitambaa hakijui kuchagua. Chembe ya plastiki iliyo kubwa kuliko tundu inabaki pamoja na mavuno, inakauka nayo, inasagwa nayo, inaingia ndani ya uji wa mtoto mwenye bwaki. Ile ndogo kuliko tundu inarudi beseni pamoja na maji, na hiyo ndogo ndiyo ile ambayo majaribio yanasema inaumiza mwani zaidi. Kwa maneno mengine, kubwa inamfuata mlaji, ndogo inakaa na mwani.

Na sasa ule mlango wa pili. Beseni lenyewe ni nini? Kwetu, mara nyingi, ni mbao nne na shitingi. Juu yake plastiki nyingine ya kuzuia mvua. Tiyo za PVC. Bidoni za kubebea. Fagio la nailoni la kukoroga. Kitambaa cha kuvunia cha nailoni ao poliesta. Shitingi ya mita 4 kwa 5 inazidi kilo 3, yaani mara 30 ya zile gramu 100. Mwaka wa kwanza inang'aa. Mwaka wa tatu, pale juu ya maji ambapo jua linaipiga kila siku, ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe. Unga ule unaanguka wapi? Wamama wa Kossorom hawana mlango huo katika kazi yao. Sisi tulio na diplome ndio tulioufungua, kwa sababu tulifuata mfano wa lile paa la 1951 bila kuuliza.

Sisemi plastiki ni shetani. Bila shitingi ya bei ndogo, kijana wa Uvira ao Kalemie hataanza kabisa, na protini iliyo na chembe chache ni afadhali kuliko kukosa protini. Ninachosema ni kwamba anayelima mwani ajue analima ndani ya nini. Kuna mambo yanayowezekana bila msaada wa shirika lolote. Maji ya kuongeza yachujwe kwanza kwenye mchanga safi ao pamba nzito, hata kama ni ya bomba, kwa sababu ndiyo yanayojumlishwa kila siku. Sehemu ya shitingi inayobaki juu ya maji ifunikwe na kivuli, na shitingi ibadilishwe kabla haijaanza kutoa unga, si baada. Mwenye uwezo ajenge kwa matofali na simenti. Kitambaa cha pamba kinaweza kutangulia kile cha nailoni. Na maji ya beseni yasizungushwe miaka bila mwisho. Sehemu yake imwagwe na kuanzwa upya, mbali na mto.

Tena kuna kazi ambayo ni ya wanafunzi hasa. Iniversite zetu ziko na mikroskopi, hata kama ni chache. Mtu achukue mavuno ya spirulina ya mtaani kwake, mwezi wa kwanza na mwezi wa kumi na mbili, ahesabu. Hiyo ni memwari nzima, na haina gharama ya safari. Thompson alipata habari yake kubwa ndani ya tepe za zamani zilizokuwa zinamngojea kwenye rafu. Sisi hatuna rafu ile, lakini tunaweza kuanza yetu: gramu tano za kila mavuno, ndani ya chupa ya kioo, na tarehe juu yake.

Serikali nayo ilisema neno lake. Rwanda ilipiga marufuku sashe kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ilifuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Kongo iko na dekre ya tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na mifuko ya plastiki. Ziwa Kivu ni moja, sheria ni mbili, na kila mtu aliyevuka mpaka pale Goma amewahi kuona tofauti kati ya kuandika dekre na kuitekeleza. Maji hayaonyeshi paspoti. Chembe iliyotupwa Goma inaweza kufika Gisenyi, na ya Gisenyi kufika Bukavu.

Basi yule ndugu wa ekolojia nilimjibu hivi. Teka maji ya ziwa kama huna mengine, lakini yachuje. Ya mvua ni mazuri, mradi hayakupitia kwenye paa la shitingi. Kiisha geuka, uangalie beseni lako mwenyewe kwa macho yaleyale makali unayoangalia ziwa. Aliniambia ameanza kutafuta bei ya simenti. Mfuko mmoja kwake bado ni ghali kuliko shitingi mpya, na amenionyesha hesabu kwa franka. Kwa miaka mitatu, akihesabu shitingi mbili za kubadilisha, tofauti inakuwa ndogo. Ameanza na beseni moja la matofali, la mita mraba 4.